Kitufe cha tano na pesa ya mkulima asiyeona

Tangu msimu wa 2022/23, mkulima wa nchi hii anayetaka mbolea ya ruzuku hana budi kuandikishwa na kupewa namba. Mfuko hautoki dukani kwa kujulikana sura wala kwa barua ya mtendaji wa kijiji, bali kwa tarakimu ambazo wakala wa pembejeo anaziingiza kwenye mfumo. Ni kweli kwamba Dodoma si mkoa unaosifika kwa kutumia mbolea nyingi, lakini utaratibu huo umeenea katika mambo mengine yote. Fedha za mauzo ya alizeti, ufuta au zabibu zinaingia kwenye simu au benki. Ushuru na ada za serikali zinalipwa kwa namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 12. Laini ya simu yenyewe haipatikani bila alama ya kidole na namba ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu 20. Kwa maneno mengine, karibu kila mlango wa huduma za kilimo na biashara siku hizi umewekewa vitufe.

Swali tunalotaka kulijadili leo ni la mtu ambaye vitufe hivyo havioni, au hana vidole vya kuvibonyeza, au amekaa kwenye kiti cha magurudumu na mashine imefungwa juu ya kichwa chake. Huyo naye analima, anafuga na anauza. Je, anaingilia wapi?

Tusidhani ni swali la watu wachache. Utafiti wa hali ya ulemavu uliofanyika nchini mwaka 2008 ulionyesha kuwa asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu. Sensa ya mwaka 2022 ilitoa asilimia 11.2 kwa umri huo huo, yaani mtu mmoja katika kila watu tisa. Tofauti ya namba hizo isichukuliwe yote kuwa ni ongezeko la ulemavu, maana namna ya kuuliza na kuhesabu nayo huchangia. Hata hivyo, mfanyabiashara yeyote anayeambiwa kuwa mteja mmoja katika tisa anapata shida ya kuingia dukani kwake angeuliza mara moja mlango una kasoro gani.

Hapa kwetu katika nyanda za kati jambo hili lina uzito wake wa pekee, na sababu yake kubwa ni macho. Wilaya ya Kongwa imejulikana na watafiti wa magonjwa ya macho tangu miaka ya 1980 kwa sababu ya vikope, ugonjwa ambao wataalamu wanauita trakoma. Vikope ni ugonjwa wa vumbi, inzi na uhaba wa maji ya kunawa, mambo matatu ambayo mkazi wa Kongwa, Chamwino au Mpwapwa hahitaji kusimuliwa. Mtoto anaambukizwa akiwa mdogo, anapona, anaambukizwa tena na tena, na makovu ndani ya kope yanaongezeka. Miaka mingi baadaye kope inajikunja kwa ndani, nywele zake zinakwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa, na mwishowe uoni unapotea. Wanawake wanaumia zaidi kuliko wanaume kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto wadogo. Kampeni za kugawa dawa na upasuaji wa kope zimepunguza sana tatizo hili, na wahusika wanastahili pongezi. Lakini dawa inayogawiwa leo haimrudishii macho bibi aliyeumia zamani, na bibi huyo bado ana shamba la karanga na mbuzi wake.

Tukumbuke pia kuwa mkoa huu ndio wenye Shule ya Wasioona Buigiri, iliyoanza mwaka 1950 wilayani Chamwino, ambayo imetoa vijana wengi wanaosoma na kuandika nukta nundu kwa ufasaha. Vilevile Hombolo kulikuwa na kituo cha wagonjwa wa ukoma, na Sukamahela wilayani Manyoni yako makazi ya waliougua ugonjwa huo. Ukoma unatibika kabisa siku hizi, ila vidole vilivyokwisha kupotea havioti tena. Kwa hiyo wakala wa Dodoma au Singida anapomwona mteja asiyeona, au asiye na vidole, hana sababu ya kushangaa kana kwamba amepata mgeni kutoka mbali.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanapozungumzia mashine za huduma za umma, wanamaanisha sanduku la chuma lililosimama peke yake kituo cha treni au uwanja wa ndege, lenye skrini na vitufe, bila mtu. Kwetu, ukiacha ATM, mashine za namna hiyo ni chache. Kioski chetu ni kibanda cha wakala. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, vibanda hivi vimeota kila kona, kuanzia Soko la Majengo mjini hadi Kibaigwa kwenye soko la mahindi, na hadi vijiji ambavyo benki haitafika katika maisha yetu. Ndani ya kibanda kuna mtu, simu mbili tatu, daftari na pengine kifaa cha kusoma alama za vidole. Kuwapo kwa mtu kunasaidia, lakini ndiko kunakoficha tatizo.

Angalia muamala unavyokwenda. Mteja anayeona anabonyeza *150*00# kwenye kitochi chake, menyu inatokea, anachagua kutoa fedha, anaandika namba ya wakala, anaandika kiasi, kisha namba ya siri yenye tarakimu nne. Akichelewa, menyu inakatika na anaanza upya. Mteja asiyeona mwenye kitochi cha kawaida anaweza kubonyeza namba hizo zote, kwa sababu vitufe vya kitochi vinapapasika na mtu akishazoea anavijua kama anavyojua njia ya kwenda kisimani. Kinachomshinda ni kujua menyu imesema nini. Kitochi hakisemi. Kwa hiyo anamkabidhi wakala simu, na wakala, tena kwa heshima zote, anamwambia: "Babu, nitajie namba ya siri nikuandikie."

Hapo ndipo mfumo mzima unapogeuka kichekesho. Kampuni zote za simu zinatutumia ujumbe mchana na usiku kutuonya tusimpe mtu yeyote namba ya siri, hata awe mfanyakazi wa kampuni. Zinasema kweli. Lakini kwa babu huyu, kutii onyo ni kukosa fedha zake, na kupata fedha zake ni kukiuka onyo. Siku salio likipungua bila maelezo akaenda kulalamika, swali la kwanza ataulizwa: nani mwingine anaijua namba yako? Akijibu kwa ukweli, kesi imekwisha na yeye ndiye mzembe. Kwa maoni yetu huo si uzembe wa mteja. Ni kasoro ya kifaa ambayo gharama yake imesukumwa kwa mtu asiye na uwezo wa kuikataa.

Sheria zetu za uchaguzi zililiona jambo la namna hii mapema zaidi kuliko benki zetu. Mpigakura asiyeona anaruhusiwa kuingia na mtu anayemwamini yeye mwenyewe, na kimekuwapo pia kifaa maalum cha nukta nundu cha kuwekea karatasi ya kura ili mtu apige kura kwa mkono wake bila kumwambia yeyote. Kura ni siri mara moja katika miaka mitano, ilhali namba ya simu ya fedha inahitaji siri kila siku ya gulio.

Sasa tuseme kiuchumi, maana huu ni ukurasa wa biashara. Tuchukue mfano wa kufikirika wa mkulima wa alizeti asiyeona ambaye amelipwa Sh 600,000 kwa simu. Mkulima anayeona angeziacha humo na kutoa Sh 30,000 au 50,000 kadiri ya mahitaji: palizi leo, mbegu mwezi ujao, ada ya mtoto Januari. Asiyeona anajua kila safari ya kwenda kwa wakala ni safari ya kutaja siri yake mbele ya foleni, kwa hiyo anatoa zote kwa mkupuo mmoja na kuzifungia sandukuni. Hapo amepoteza mara tatu. Fedha iko hatarini kuibwa, au kumalizwa na ndugu wenye shida ambao hawaishi. Pili, mikopo midogo ya simu hupimwa kwa mzunguko wa miamala, na mtu anayetoa zote mara moja huonekana hana biashara. Tatu, ambayo haiandikwi popote, ni mjukuu anayetolewa shuleni kumwongoza na kumsomea ujumbe. Wakala naye amepoteza, kwa sababu kamisheni yake hutokana na wingi wa miamala, na mteja ambaye angekuja mara kumi na mbili amekuja mara moja.

Wapo watakaosema vifaa vya kuwasaidia watu hawa ni ghali na ni mambo ya nchi tajiri. Hebu msomaji achukue simu yake ya vitufe na kupapasa namba 5. Atakuta kijinundu kidogo, nukta moja au kistari. Hakikuwekwa kwa urembo. Ni alama ya kumwambia kidole kwamba hapa ndipo katikati, na kuanzia hapo namba nyingine zote zinajulikana: 2 iko juu, 8 chini, 4 kushoto, 6 kulia. Wengi wetu tumekuwa tukiitumia gizani bila kujua. Gharama yake kiwandani ni karibu na bure.

Kanuni za Marekani za mwaka 2010 kuhusu mashine za fedha na tiketi zimelifanya jambo hilo kuwa lazima na kuliendeleza. Kitufe cha 5 kitofautike kwa kupapasa. Kitufe cha kukubali kiwe na duara lililoinuka, cha kufuta kiwe na mshale unaoelekea kushoto, na cha kusitisha kiwe na herufi X. Sehemu ya kubonyeza isizidi sentimita 122 kutoka ardhini ili aliye kwenye kiti cha magurudumu aifikie. Mashine iweze kusema, na maneno yake yasikike kwa mteja peke yake, kwa mfano kupitia spika za masikioni. Benki ya kwanza kuweka ATM inayosema ilikuwa Royal Bank ya Canada, mjini Ottawa mwaka 1997. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia Juni 28, 2025, umeanza kutumia sheria inayotaka ATM mpya, mashine za tiketi na vifaa vya malipo vitumike na watu wenye ulemavu, ingawa zilizokwisha kufungwa zimepewa muda mrefu wa kumaliza maisha yake, hadi miaka 20.

Kwa nini mkulima wa Bahi ajali sheria ya Ulaya? Kwa sababu ATM za hapa hatutengenezi sisi. Tunanunua mashine za kampuni zile zile zinazouza Ulaya na Marekani, na nyingi huja tayari zikiwa na vitufe vyenye alama na tundu la spika za masikioni. Anayetilia shaka aende ATM iliyo karibu naye, apapase kitufe cha 5 na kile cha kijani, kisha atafute tundu. Akiliona, amuulize meneja wa tawi kama kuna sauti upande wa pili, na kama sauti hiyo ni ya Kiswahili. Kinachokosekana mara nyingi ni programu ya sauti na uamuzi wa mtu mmoja ofisini, wala si chuma. Kuhusu ngazi tatu za zege zinazopandisha kwenye ATM bila njia ya mteremko, hilo halina kisingizio cha teknolojia. Fundi mwashi wa Chang'ombe anaweza kulimaliza kwa siku mbili.

Kwa upande mwingine tuna hofu na mwelekeo mpya wa vioo vya kugusa. Mashine za malipo za madukani zinazoletwa sasa, na vishikwambi vya usajili, havina vitufe kabisa. Ni kioo kitupu kama meza. Kwa anayeona ni maendeleo. Kwa asiyeona ni kurudi nyuma, kwa sababu kioo hakina namba 5 ya kupapasa. Australia walilionja hilo. Commonwealth Bank ilisambaza madukani mashine ya kioo cha kugusa iliyoitwa Albert, na wateja wasioona wakajikuta hawawezi kuandika namba zao za siri bila msaada wa muuza duka. Mwaka 2018 Graeme Innes, ambaye mwenyewe haoni na aliwahi kuwa kamishna wa kupinga ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu nchini humo, aliipeleka benki mahakamani pamoja na mwenzake. Januari 2019 walimalizana kwa makubaliano, benki ikiahidi kuboresha programu na mafunzo kwa wanaotumia mashine hizo. Tuna nafasi ya kununua akili hiyo bila kulipa wakili.

Haina maana kuwa kioo chenyewe ni adui. Simu za Android zina uwezo wa kusoma kwa sauti kila kinachoguswa, na sauti ya Kiswahili ipo. Kijana aliyesoma Buigiri akiwa na simu hiyo anaweza kufanya miamala mwenyewe kwa kasi ya kukushangaza. Lakini simu hiyo bei yake ni ya mbuzi kadhaa, inataka chaji kila siku na inataka mtu wa kukufundisha. Bibi wa Kongwa ana kitochi, na ataendelea kuwa nacho. Kwake yeye njia rahisi ni menyu inayosema: unapiga namba, sauti inakueleza uchaguzi, unabonyeza vitufe vyako mwenyewe. Safaricom ya Kenya iliwahi kuanzisha huduma ya sauti ya M-Pesa kwa wateja wasioona, kwa hiyo hatuombi kitu ambacho hakijapata kufanyika Afrika Mashariki. Kampuni zetu zina mitambo ya sauti ya kutosha kututangazia bahati nasibu na nyimbo za kuitikia simu. Ziitumie na kwa hili.

Tuje kwenye kidole. Kuanzia Mei 1, 2019 laini zote zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, na baada ya muda kuongezwa, Januari 20, 2020 ikawa ndiyo mwisho. Lengo lilikuwa zuri, kuzuia utapeli. Lakini kifaa cha kusoma alama za vidole kinasoma mistari midogo ya ngozi, na mistari hiyo husagika. Jembe la mkono linaisaga, saruji inaisaga, uzee unaipunguza, na ukoma unaiondoa pamoja na kidole chenyewe. Hapa mkulima mzima kabisa na mwenye ulemavu wanakutana kwenye foleni moja. Nani hajamwona mzee wa miaka sabini akiambiwa "futa mkono, weka tena" mara sita, kisha akaambiwa arudi kesho? Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya vidole laini vya ofisini kinawasumbua wote wanaoishi kwa mikono yao.

Utaratibu wa mtu ambaye kidole chake hakisomeki uwe umeandikwa na kubandikwa ukutani kwa wakala, kwa Kiswahili chepesi: jaribu kidole kingine, kisha nini, kisha nani apigiwe simu, na mteja apate jibu siku ile ile. Utaratibu unaokaa makao makuu tu, wakati wakala wa Mlali haujui, kwa mteja ni sawa na haupo. Na ile namba ya tarakimu 20 ya kitambulisho cha taifa, kwa nini isichapwe pia kwa nukta nundu au kwa tarakimu kubwa kwa anayeomba? Anayeikosea tarakimu moja anaanza upya hata akiwa na macho mazuri.

Tusisahau kuwa mwenye ulemavu si mteja tu. Naye ni mfanyabiashara. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Tuseme kikundi cha wasioona kimepata mkopo na kufungua duka la nafaka. Mteja anasema amelipa kwa simu. Muuzaji atajuaje? Ujumbe wa kughushi upo, na hata wanaoona wanatapeliwa. Nchini India madukani kuna visanduku vidogo vya spika vinavyotangaza kwa sauti kiasi kilicholipwa, na wenye maduka wa kawaida wamevipenda kuliko watu wote kwa kuwa mikono yao iko kwenye mizani muda wote. Huo ni mfano mzuri wa kifaa kinachomfaa asiyeona na kuuzika kwa kila mtu.

Kwa viziwi tutasema machache, maana kwao vitufe si tatizo sana. Wao wanakwama baadaye, fedha zikipotelea njiani, kwa kuwa dawati la malalamiko ni namba ya kupiga na kuongea. Dawati lipokee ujumbe mfupi na kujibu kwa maandishi. Tunashangaa kampuni ya simu kuhitaji kukumbushwa kuwa simu inaandika.

Wakala mdogo naye ana malalamiko yake, na ni ya haki. Faida yake ni ndogo, kodi ya kibanda ni yake, na akikosea muamala hasara ni yake. Hatutegemei ajenge njia za zege kwa kamisheni ya shilingi mia tatu. Lakini yapo mambo asiyohitaji mkopo kuyafanya. Tone la gundi au la rangi ya kucha kwenye kitufe cha 5 cha simu ya kibandani, likikauka, ni alama tosha. Kifaa cha kidole kiwe na waya mrefu wa kutosha kushushwa hadi mapajani mwa mteja aliyekaa. Wakala amsomee mteja menyu kwa sauti ya chini, hatua kwa hatua, kisha ikifika namba ya siri amrudishie simu mkononi na kugeuza uso: "Mama, sasa andika mwenyewe, tarakimu nne." Wateja wengi wasioona wanaweza hatua hiyo kabisa, hakuna aliyewahi kuwapa nafasi. Baada ya hapo amsomee ujumbe wa salio, na mteja akitaka kuuhakikisha kwa mtu mwingine, wakala asinune.

Yaliyobaki ni ya wenye mamlaka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge, hapa hapa Dodoma, likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kwa karatasi tuko vizuri. Pengo liko kwenye manunuzi. Ofisi ya umma inapotangaza zabuni ya vishikwambi vya usajili, mashine za kukusanyia ushuru au vifaa vya alama za vidole, inaeleza ukubwa wa betri, uzito na muda wa dhamana. Ni nadra kukuta mstari unaosema kifaa kiwe na vitufe vya kupapasika au kisome kwa sauti ya Kiswahili. Mzabuni hauzi asichoulizwa. Tangu mwaka 2023 zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo mmoja wa NeST, na kuongeza masharti ya namna hiyo kwenye nyaraka za kawaida za zabuni si kazi ya bajeti mpya, ni kazi ya kalamu. Kurekebisha baada ya kununua ndiko kwenye gharama, kama ilivyo kuchimba msingi baada ya kuezeka.

Benki Kuu na TCRA nao wanayo nafasi. Anayepewa leseni ya kutoa huduma za fedha kwa simu angeweza kutakiwa, kwa tarehe maalum, awe na menyu ya sauti kwa Kiswahili, na awe na kanuni inayomlinda mteja aliyelazimika kutaja namba ya siri kwa wakala. Mzigo wa kuthibitisha ukae kwa mwenye mtambo, ambaye ndiye mwenye kumbukumbu za kila kitufe kilichobonyezwa. Kabla ya kuandika kanuni hizo wakae na Chama cha Wasioona na Shirikisho la Vyama vya Watu wenye Ulemavu, na wakae nao wakiwa na simu mezani, siyo kwenye semina ya hotuba. Nusu saa ya kumtazama mtu asiyeona akijaribu kulipa ushuru wa gunia la mahindi itawafundisha zaidi ya mada kumi za washauri.

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1, na mapendekezo ya vijiji na kata huanza kukusanywa miezi mingi kabla. Diwani wa Kongwa, Chamwino, Bahi au Manyoni anayesoma hapa anaweza kuuliza maswali mawili kwenye kikao kijacho: mashine za ushuru tulizonunua zina vitufe au ni kioo kitupu, na mlango wa benki iliyo jirani na ofisi yetu una ngazi ngapi. Majibu yawekwe kwenye muhtasari wa kikao.